Mashine imeandikwa 300, mbona inazima nyumba nzima?

Shikamoo Fundi, pole na majukumu.

Mi ni mtu wa ofisini, kompyuta na makaratasi, lakini toka zamani napenda kazi za mikono na mwaka huu nikasema liwalo na liwe, najifunza kuchomelea. Si kwa biashara, ni vitu vya hapa hapa nyumbani, meza ya kufanyia kazi, rafu za stoo, kageti ka ubavuni, troli ya kusukumia mizigo. Paipu zangu nyingi ni zile za mraba za milimita 1.5, na engo chache za milimita 4 au 5.

Basi nikaenda nikanunua inveta, ile mashine ya kuchomelea ya kielektroniki, ndogo nyepesi unaibeba kwa kidole, ubavuni imeandikwa 300 kwa maandishi makubwa kabisa. Muuzaji akaniambia "bosi hii inachoma mpaka reli". Nikafika nayo, nikachomeka kwenye soketi ya ukutani, nikaweka rodi (kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka) ya milimita 3.2 maana ndo aliyonipa, nikagusa paipu, ikang'ang'ania kama imepakwa gundi. Nikaongeza moto, ikatoboa tundu linapitisha kidole. Nikahamia kwenye engo nikaongeza tena, taa zikafifia, afu tap! Nyumba nzima giza, na mke wangu alikuwa katikati ya mkutano wa kazini kwenye kompyuta yake. Hio imetokea mara 3 sasa na ya mwisho hakusema kitu kabisa, ndo ikanitisha zaidi.

Sasa kila mtu ni mshauri. Shemeji anasema nitupe hio nichukue MIG, ile ya waya unaojisukuma wenyewe, maana eti "MIG hata mtoto anachoma", na nahisi ana lake jambo kwa sababu gari lake limeliwa na kutu chini kote. Jirani yangu, mzee mmoja aliyefanya hizi kazi zamani, anasema inveta zote ni midoli nitafute transfoma la shaba. Kijana mmoja kazini ananiambia nichukue ile ya tatu kwa moja, MIG na TIG (ile ya ncha ya tungsten isiyoyeyuka) na rodi, nimalizane nayo, na kusema kweli mi nshaanza kuota kuchomelea aluminiamu. Mke wangu kasema mashine nyingine ni moja tu, nikikosea hamna ya tatu.

Naomba uniambie, tatizo ni mashine, ni umeme au ni mimi? Na ninunue ipi? Halafu kuna mtu kaniambia dawa ya kuzima ni kuweka breka (ile swichi ya kwenye boksi la umeme inayojikata yenyewe) kubwa zaidi tu, ni kweli?

Wako, Mtoboa Paipu

*

Marahaba Mtoboa Paipu, na hilo jina umejipa mwenyewe, mi simo. Ila usijisikie vibaya, paipu yangu ya kwanza ilibaki kama filimbi.

Nianze na hilo la breka maana ndo linaloweza kuua mtu. USIWEKE. Breka ipo pale kulinda waya uliopita ndani ya ukuta, sio kulinda mashine yako. Waya wa soketi ukiwa mwembamba afu ukaweka breka ya kuuruhusu ubebe zaidi ya uwezo wake, breka haitazima, utazima waya wenyewe kwa kuungua, na utaungulia ndani ya ukuta au juu ya dari usikouona. Ukitaka umeme mkubwa unamwita fundi umeme avute laini mpya ya peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa milimita 6 na breka yake ya ampea 32, na soketi yake kubwa. Hio ni kazi ya siku moja na unaweza ukakuta ndo kitu pekee unachohitaji kununua.

Haya, mashine. Igeuze utafute kibati cha maelezo, kile chenye vijiherufi na vijinamba ambavyo hamna anayevisoma. Pale kuna U1, volti zinazoingia. Kuna I1max, ampea ya juu kabisa inayovuta ukutani. Kuna I2, ampea inayotoka kwenye rodi, na kuna X, hio nitairudia. Sasa kwa kuchomelea kwa rodi kuna hesabu moja ambayo hao wanaotengeneza mashine kwa viwango wanaifuata, volti za pale kwenye moto ni 20 jumlisha ampea mara 0.04. Chukua 300 yako, mara 0.04 unapata 12, jumlisha 20, ni volti 32. Zidisha 32 kwa 300, wati 9,600, na hapo hatujahesabu zinazopotelea ndani ya mashine kama joto. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 inatoa wati kama 3,000. Sasa hizo nyingine zaidi ya 6,000 zitoke wapi bana, kwenye upepo? Kwa hio ukikuta kibati hakipo, au kipo ila kimeandikwa 300 peke yake bila hizo herufi nyingine, ujue ile ni namba ya urembo, na ndo zinavyonunuliwa mashine nyingi, kwa namba ya ubavuni.

Hesabu hio hio inakuambia kwa nini engo imezima nyumba. Ukiiweka kwenye ampea 120 kwenye rodi, ukishahesabu na zinazopotea, ukutani inavuta kama ampea 23 hivi. Ukiiweka kwenye 65, ukutani ni kama 11 au 12, soketi ya kawaida inabeba. Kwa maneno mengine umeme wako umeshakuchagulia mashine kabla hujaingia dukani, unaweza kununua ya 160, ya 200, ya 250, kwenye soketi ile ile utachomelea moto ule ule. (Ila kama inazima pale pale unapobonyeza swichi, kabla hata hujagusa chuma, hilo ni jambo lingine, inaweza kuwa inavujisha umeme kwenye bodi yake, usiendelee kuijaribu, ipeleke kwa fundi aifungue.)

Na ile X sasa. Ukiona X 60% na chini yake 120, maana yake kwenye kila dakika 10 unaweza kuchoma dakika 6 kwa ampea 120 afu uipumzishe 4, hio inapimwa kwenye joto la nyuzi 40. Watu wanaogopa sana hii namba, kumbe mtu wa nyumbani anayechoma kwa rodi hafikii hata nusu, rodi moja inaisha kwa dakika moja hivi, afu unagonga magamba, unapiga brashi, unaangalia kazi yako, unailaani, unachukua rodi nyingine. Mashine imeshapumzika. Asilimia 30 inakutosha kabisa, alimradi iwe ya kweli.

Sasa matundu. Hayo ni yako. Rodi ya 3.2 inataka kuanzia kama ampea 90 mpaka 130, na paipu ya milimita 1.5 haiwezi kuvumilia huo moto hata uwe na mkono wa malaika. Ukipunguza moto ili usitoboe, rodi ya 3.2 haiwaki vizuri, inaganda. Ndo maana umepata vyote viwili, gundi na tundu, na katikati hapakuwa na kitu. Aliyekupa rodi hio kwa paipu hio kakuonea tu. Tafuta rodi za aina ya 6013 za milimita 2.0, au 2.5 kama 2.0 zimekosekana, namba 6013 imepigwa kwenye rodi yenyewe karibu na ule upande usio na ganda. Za 2.0 anzia ampea 45 hivi, za 2.5 anzia 60, usiamini sana namba za kwenye kioo cha mashine hizi ndogo, sikiliza sauti. Moto mzuri unasikika kama kitu kinakaangwa bila kukatika. Ukisikia inapasuka pasuka na kukatika umeweka mdogo, ukisikia inavuma na rodi inakuwa nyekundu mpaka katikati umeweka mkubwa.

Na kwenye paipu nyembamba hamna kuchora mstari mrefu mara moja. Kata vizuri vipande vikutane bila mwanya, maana mwanya ndo tundu linaloanza, shikiza pembe zote 4 kwanza kwa nukta, afu choma sentimita mbili tatu upande huu, toka, nenda upande wa pili, rudi. Rodi uiburuze ikigusa gusa, usiinyanyue, mshale wa moto ukiwa mrefu joto linasambaa na mikono inaanza kutetemeka. Kama paipu imesimama, shuka nayo kutoka juu kuja chini, kwa chuma chembamba kushuka ndo salama yako. Kitu kingine wengi hawajui, nyaya zako 2 pale mbele zinahamishika. Weka kishikio cha rodi kwenye hasi na kibanio cha ethi kwenye chanya, kwa 6013 inakubali, na moto hauchimbi sana. Siku ukitumia 7018, aina nyingine ya rodi, unarudisha rodi kwenye chanya.

Kwa hio ushauri wangu wa kwanza ni usinunue mashine mwezi huu. Nunua paketi ya rodi nyembamba, okota vipande chakavu vya paipu ile ile ya 1.5, chukua Jumamosi mbili nzima unachoma vipande na kuvivunja kwa nyundo uone vimeshika wapi. Kama hako kamashine kako kanatoa 60 iliyotulia, meza na rafu na geti vitatoka, na ile nafasi moja uliyopewa na mkeo bado unayo mfukoni.

Ikishindikana, au ukafika mahali engo za milimita 5 zinakuita kila wiki, basi nunua inveta ya rodi ya 160 au 200 za kweli zenye kibati kinachoeleweka, na kabla ya hapo laini mpya ya umeme. Angalia na waya wake, mashine inayojiita 200 afu waya wa rodi ni mwembamba kama wa pasi imejisema yenyewe. Iwe na ule msaada wa kuongeza moto kidogo wakati wa kuwasha na ule wa kukata moto rodi ikiganda, hivyo viwili kwa mwanafunzi vinaokoa machozi mengi. Inveta nyingi za rodi pia zinakubali kufungwa bunduki ya TIG ya kuwashia kwa kugusa, kwa hio mlango haujafungwa.

Mzee wako wa transfoma hajakosea, ila anaongelea kazi nyingine. Transfoma halina bodi ya elektroniki ya kuungua, linakaa kwenye vumbi miaka, na likiharibika mtu anajua kulisuka upya. Lakini ni zito, linavuta umeme kwa pupa, na mengi yanatoa moto wa AC (umeme unaogeuka geuka mwelekeo) ambao kwenye paipu ya 1.5 na rodi ya 2.0 ni mateso, utatoboa zaidi ya sasa. Kwenye umeme wako huo wa kufifisha taa, sikushauri. Anachokosea ni hilo la midoli. Ila kuna siri hapa, adui wa inveta ni vumbi la grainda. Ule unga ni chuma, unapitisha umeme, na feni ya mashine inauvuta wote ndani unaukalisha juu ya bodi. Ukiwa unasaga, mashine iwe mbali au ifunikwe, na kila baada ya muda chomoa, iache ikae, afu ipulize kwa upepo. Mi naamini nusu ya inveta zinazosemwa ni feki zimeuliwa na grainda ya mwenyewe.

Shemeji na MIG yake. Ni kweli MIG ni rahisi kujifunza, unabonyeza waya unakuja wenyewe, na kwa bati la gari ni yenyewe hasa, rodi kwenye bati la milimita 0.8 ni kujitafutia kesi. Lakini asichokuambia ni kwamba MIG inataka mtungi wa gesi, regyuleta, waya, ncha za kubadilisha, na ukiwa nje upepo mdogo tu unapeperusha gesi mshono unajaa vitundu kama sifongo. Kuna waya wenye unga ndani usiohitaji gesi, huo nje unafaa, ila unarusha cheche sana, unatoa magamba, na lazima ugeuze nyaya ndani ya mashine bunduki iwe hasi, watu wasiogeuza ndo wanaosema waya huo haufai. Na MIG inataka chuma kisafi, rodi inasamehe kutu kidogo, MIG haisamehi. Kama shemeji anataka gari lake litengenezwe basi achangie mtungi, hapo tutaongea.

Ya tatu kwa moja ndo inayonipa wasiwasi kuliko zote, sababu ya hio ndoto yako ya aluminiamu. Hizi nyingi TIG yake ni ya DC tu, umeme unaokwenda upande mmoja. DC kwa TIG unachomelea chuma na stenlesi. Aluminiamu ina ngozi ya kutu yake, nyembamba huioni, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 2,000 na kidogo wakati aluminiamu yenyewe chini yake inayeyuka kwenye 660. Kwa hio unapasha, ngozi ipo imesimama, ndani pamegeuka uji, afu ghafla kipande chote kinadondoka. Moto wa AC ndo unaovunja ile ngozi. Mashine yenye TIG ya AC ni nyingine kabisa na ni ghali mara kadhaa, na inataka argoni tupu, ule mchanganyiko wa gesi ya MIG haufai. Muuzaji akikuambia "hii TIG inachoma kila kitu" muulize swali moja tu, ina AC? Utaona anavyobadilisha mada.

Hela inayobaki kwa kutonunua usichohitaji usiirudishe benki, nunua helmeti ya kujitia giza yenyewe, giza namba 9 hadi 13, wewe utakuwa unatumia 9 au 10. Najua unashika kile kioo cha mkono, nimejua kwenye barua, mtu mwenye mkono mmoja bize na kioo lazima rodi igande, maana anawasha akiwa haoni. Ukiwa na mikono miwili huru nusu ya shida zako zinaisha siku hio hio. Na usikubali kupiga "nukta moja tu" kwa kufumba macho, macho hayaumi pale, yanakuja kuuma usiku saa kadhaa baadaye kama umetiwa mchanga, na huo usiku ni mrefu.

Paipu zako zikiwa zile nyeupe zilizopakwa zinki, saga zinki yote karibu na mshono ubaki chuma kitupu, choma mahali pa wazi na upepo upeleke moshi mbali na uso wako. Moshi mweupe ule ukiuvuta, jioni unapata homa na kutetemeka unafikiri ni malaria. Na usichomelee kabisa pipa wala tenki lililowahi kukaa mafuta, hata limeoshwa, hata halinuki. Nguo ziwe za pamba, suruali ianguke juu ya buti isiingizwe ndani, cheche inapenda sana kuingia buti. Ukimaliza kazi usifunge stoo ukaondoka, kaa pale nusu saa au zaidi unanusa nusa, cheche inaweza kujificha kwenye vumbi la mbao ikawaka wewe ukiwa unaoga.

Ekstensheni kama unatumia, waya wake uwe wa milimita 2.5, mfupi uwezavyo, na uukunjue WOTE kutoka kwenye gurudumu lake. Uliokunjwa unapata joto unayeyuka, na mrefu mwembamba unakula volti, mashine inakosa nguvu unarudi kuilaumu. Rodi zako ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, rodi iliyonyonya unyevu inapiga cheche kila upande na mshono unakuwa na vitundu.

Jumamosi anza na zile 2.0, rodi kwenye hasi, ampea 45, kipande chakavu. Na kabla hujachomeka, muulize mama kwanza kama ana mkutano.